Idhini ya Mjomba

Somoe Bwanali hakuwa mtu wa kuruka hatua. Chuoni alifundishwa kwamba kazi kubwa haiharibiki siku inapomalizika. Huharibika siku mtu anapovuka jambo dogo akisema atalirudia baadaye. Kwa moyo huo aliusimamia Mradi wa Wito tangu ulipokuwa maneno matupu katika ofisi ya vyumba viwili mjini Masasi.

Mradi wenyewe ulielezeka kwa urahisi. Mhudumu wa afya wa kijiji, akiona mama mjamzito ameshikwa na uchungu na hali yake hairidhishi, angebonyeza kitufe kwenye simu. Wito ungeingia katika mfumo wa kompyuta, mfumo ungemtafuta dereva aliye karibu, na gari lingemfuata mama limpeleke hospitali. Magari yalikuwa matatu, yameletwa na wafadhili kwa ajili ya majaribio: moja lilikaa Nanganga, moja Lulindi na la tatu Newala mjini.

Ugumu ulikuwa katika nidhamu ya kuujenga. Kazi iligawanywa katika hatua: wazo, mpango, ujenzi, majaribio na uzinduzi. Mwisho wa kila hatua paliwekwa kile walichokiita lango, na kila lango lilikabidhiwa mtu mmoja. Kamati ingekaa, ingesikiliza, ingeuliza. Lakini aliyekabidhiwa lango akisema bado, ilikuwa bado, hata kama wengine wote wamechoka kungoja. Lango la nne, la majaribio, lilikuwa la Somoe.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Nurdini, ofisa mstaafu wa ushirika ambaye hapakuwa na kijiji cha wilaya ile asikofahamika. Alikuwa pia kaka mkubwa wa Bi Fatu, mama yake Somoe, na kwa desturi ya Wayao, ambayo majirani zao Wamakonde wanayo pia, yeye ndiye aliyekuwa mwenye mbumba: mlezi na msemaji wa dada zake na wa watoto wote wa dada zake. Ndiye aliyemtafutia Somoe shule. Ndiye aliyekaa na washenga siku ya posa. Somoe alipojifungua mtoto wa kiume, ndiye aliyesema aitwe Tahiri, na tangu siku hiyo majirani wakamwita Mama Tahiri.

"Mradi huu hauna kamati," alizoea kutania Cuthbert, mtengenezaji wa programu, kijana wa Lulindi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. "Una ukoo."

"Nawe umeajiriwa na ukoo," Somoe alimjibu. "Fanya kazi."

Hakuna aliyeona ubaya wowote. Katika mji ule, ni nani asiyekuwa mjomba wa mtu?

Mazoezi ya kwanza yalikwenda vizuri mno. Chilangala, juu ya uwanda wa Newala ambako maji ni ya shida, mhudumu wa afya aliitwa Yasinta, mwanamke wa Kimakonde mwenye sauti ya kuitia watu shambani. Alimwona Somoe akishuka garini na chupa ya maji mkononi, akacheka. "Wayao mnapanda mlima na maji yenu! Mnaogopa tutawanyima au mnaogopa tutawauzia?" Jirani yake ndiye aliyejifanya mgonjwa. Aliketi kitini amejifunga kanga mbili, akalia uchungu wa uongo mpaka watoto wakakusanyika, na gari lilipofika akapanda mwenyewe kwa maringo. "Endesha taratibu, baba," akamwambia dereva, "huyu mtoto ni wa serikali!" Kijiji kizima kikacheka. Mfumo ukamwuliza Yasinta kwenye simu kama mgonjwa yuko tayari kuondoka. Yasinta akajibu ndiyo palepale. Gari likaenda zake. Cuthbert akaandika kuwa jaribio limefaulu.

Ndipo ukaja mwezi wa majaribio ya kweli, wenye wagonjwa wa kweli. Ulipokaribia kwisha, siku ya uzinduzi ilikuwa imekwisha kupangwa na wageni wamealikwa. Kilichobaki kilikuwa kikao cha Alhamisi, cha kufungua lango la nne.

"Tuko vizuri," Cuthbert alisema asubuhi ya Jumatatu. "Miito yote imejibiwa. Mmoja tu ulifutika, wa Chilangala. Mhudumu hakuthibitisha."

"Kwa nini Yasinta hakuthibitisha?"

"Nimempigia. Amesema, 'Njooni,' akakata."

Somoe aliirudia taarifa ile kichwani. Yasinta hakuwa mtu wa neno moja. Akachukua mtandio wake, na kabla jua halijawa kali walikuwa njiani kuelekea Newala.

Safari hii Yasinta hakutania chupa ya maji. Aliwapokea, akawaongoza kimya kimya kwenye njia ya mchanga mwekundu kati ya mikorosho, mpaka kwenye nyumba ya bati iliyokuwa na watu wachache wameketi barazani. Msichana mmoja aliketi mkekani, miguu ameinyoosha, na kifua chake kilikuwa kimefungwa kwa kitambaa ili kukausha maziwa.

"Huyu ni Pendo," Yasinta alisema. "Mtoto tulimzika Jumamosi."

Somoe akapiga magoti, akamshika Pendo mkono, akampa pole. Pendo aliitikia kwa kichwa tu. Aliyezungumza alikuwa mwanamume aliyeegemea nguzo, mikono yake na kola ya shati vikiwa bado na weupe wa salfa, dawa ya kupulizia mikorosho. Jina lake Gervas, mjomba wake Pendo.

"Nilikuwa shamba la mbali, napulizia," alisema. "Mashine ikinguruma husikii kitu. Huyu Yasinta alisimama nyuma yangu akiita, mimi sina habari, mpaka alipokuja kunivuta shati."

"Nilibonyeza kwanza, Mama Tahiri," Yasinta akadakia. "Nilibonyeza kabla sijaondoka hapa, ili gari liwe njiani. Halafu nikakimbia kumpa habari mjomba. Huwezi kumtoa binti wa watu nyumbani kwa uchungu wa kwanza mjomba wake hajaambiwa. Akifia njiani, nani ataufungua mdomo? Na kule shambani simu haishiki."

Somoe alielewa kabla Yasinta hajamaliza. Wakati Yasinta yuko shambani, mfumo ulikuwa umeuliza kama mgonjwa yuko tayari. Haukupata jibu. Ukauliza tena. Halafu, kama ulivyofundishwa, ukaufuta wito na kumwarifu dereva, naye akageuza gari akiwa karibu kufika. Yasinta aliporudi na kubonyeza upya, gari lilikuwa limepewa wito wa kijiji kingine. Pendo alipelekwa zahanati kwa pikipiki, ameshikiliwa katikati ya watu wawili.

"Uliambiwa, ukasemaje?" Somoe alimwuliza Gervas, ingawa hakuwa na hakika kama ana haki ya kuuliza.

"Nilisema mpelekeni." Gervas alijitazama viganja. "Ningesema nini kingine? Hata salamu sikungoja. Niliulizwa na kukubali palepale. Sikuwahi kukataa, mama. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba sikukataa."

Njiani kurudi, Cuthbert aliendesha muda mrefu bila kufungua redio.

"Naweza kuondoa kile kipengele cha kufuta," alisema hatimaye. "Ni kazi ya jioni moja."

"Tulikiweka kwa nini?"

"Kwa sababu ya miito ya mzaha. Na kwa sababu gari likikaa linangoja mlangoni mwa mtu, mama wa kijiji cha pili hana gari."

"Basi ukikiondoa, gari litafika Chilangala na kumngoja mjomba atoke shamba. Na mama wa kijiji cha pili?"

Cuthbert akarudisha macho barabarani.

Kilichomkaa Somoe rohoni kilikuwa kitu kingine. Mradi ule haukutengenezwa na wageni. Cuthbert alizaliwa Lulindi, yeye mwenyewe Masasi, na wanakamati wote walikuwa wa wilaya hizi mbili, Masasi na Newala. Katika hatua ya mpango waliketi wakaorodhesha kila kinachoweza kumchelewesha mama: barabara, mafuta, mvua, mtandao. Hakuna aliyemtaja mjomba. Mgeni angeuliza nani hutoa ruhusa. Wao hawakuuliza, kwa kuwa kila mmoja alilijua jambo hilo tangu utotoni, kama anavyojua mlango wa nyumba yao ulipo. Na katika mazoezi, mgonjwa wa uongo hakuhitaji ruhusa ya mtu.

Mpwa hambishii mjomba wake. Akiwa na neno gumu, hulipitisha kwa mama yake, ambaye ni dada wa mjomba, naye hulifikisha likiwa limelainishwa. Somoe alifuata utaratibu huo. Bi Fatu alimsikiliza akichambua mchele, akamimina chuya pembeni, akajitanda kanga yake.

"Twende wote," alisema. "Hili mimi siliwezi kulibeba peke yangu."

Mzee Nurdini alikuwa ametoka msikitini, ameketi sebuleni na kofia yake bado kichwani. Walipeana shikamoo na marahaba, wakauliziana hali za watoto. Bi Fatu akaeleza. Mzee alisikia mpaka mwisho. Hakuwa mtu wa kumkata mtu kauli.

"Inna lillahi," alisema. "Masikini binti yule. Na sasa, Somoe, unataka nini?"

"Nataka turudi hatua ya mpango, mjomba. Ruhusa ya wajomba itafutwe mapema, mimba ikiwa bado changa, iingizwe kwenye mfumo. Uchungu ukianza, pasiwe na mtu wa kuulizwa."

"Na Alhamisi?"

"Alhamisi nitasema bado."

Mzee akavua kofia, akaiweka gotini. "Unajua Bi Ethel wa wafadhili ameniambia nini? Lango lisipofunguliwa, magari yanakwenda mkoa mwingine. Mvua zinakuja. Umewahi kuuona mlima ule wa Newala wakati wa mvua? Gari lenye kasoro si sawa na kukosa gari kabisa. Tuzindue, kisha turekebishe tukiwa tunatembea."

"Kasoro hii inaua, mjomba."

"Mmoja, Somoe. Na waliofika hospitali salama ni wangapi?"

"Ni wengi, mjomba. Wote ni wale ambao wajomba zao walikuwa nyumbani."

Bi Fatu alikohoa kidogo, kumwonya binti yake. Mzee Nurdini hakukasirika. Uso wake ulionyesha uchovu tu. Mikutano mingi aliyohudhuria kuyaomba magari yale, milango mingi aliyobisha, vyote vilionekana katika mikunjo ya paji lake.

"Nimekusikia kama mwenyekiti," alisema. "Sasa nakuambia kama mjomba wako. Fungua hilo lango."

Somoe aliinamisha kichwa, na mama yake akaomba ruhusa ya kuondoka.

Alhamisi chumba cha mikutano kilikuwa kimepambwa kabla ya wakati. Mtu alikuwa amekwisha kutundika kitambaa cha uzinduzi ukutani. Bi Ethel, mwakilishi wa wafadhili, aliwasili na tabasamu na faili jembamba. Cuthbert akasoma takwimu. Wanakamati wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kisha Mzee Nurdini, bila kumtazama mpwa wake usoni, akauliza kama kanuni ilivyotaka:

"Msimamizi wa lango la nne, tufungue?"

Somoe alisimama. Akaushika ukingo wa meza. Alifikiri juu ya magari matatu, na juu ya mvua. Hakuwa na hakika kabisa kwamba mzee yule amekosea. Pengine mwaka ungepita, wanawake wengi wangepanda magari yale salama, na yeye angebaki kuwa mwanamke aliyeyafukuza. Lakini alikabidhiwa kitu kimoja tu cha kusema, kama mfumo unafanya kazi au haufanyi.

"Bado," alisema. "Mwenyekiti, kwa heshima zote, bado."

Mtu mmoja alinong'ona, "Anamkatalia mjomba wake!" na mwingine akamnyamazisha. Bi Ethel akamgeukia Mzee Nurdini, akingoja alitengue neno lile. Wote walijua angeweza kujaribu, na kwamba nusu ya chumba ingemuunga mkono.

"Kwa utaratibu tuliojiwekea wenyewe," mzee alisema polepole, "msimamizi akisema bado, ni bado. Kikao kimefungwa."

Akakusanya miwani na fimbo yake, akatoka bila kuagana na mtu.

Wafadhili hawakusema uongo. Magari ya Nanganga na Lulindi yaliondolewa. Baada ya maombi mengi waliacha lile la Newala, ili majaribio yaendelee mpaka mwisho wa mwaka. Mabel, mhudumu wa Lulindi, alipiga simu akiuliza gari lake liko wapi. Somoe alipomweleza, Mabel akasema, "Sawa, dada. Tutarudi kwenye baiskeli zetu." Hakuwa na hasira hata kidogo, na Somoe alikaa na simu mkononi muda mrefu baada ya mwenzake kukata.

Nyumbani napo pakawa na baridi yake. Ilipokuja posa ya Faidha, binti wa mama yake mdogo, Mzee Nurdini aliwaita wapwa wote wakae naye kupokea wageni. Somoe hakuitwa. Bi Fatu hakulisema jambo hilo. Alimletea tu sahani ya pilau iliyofunikwa.

Kazi iliendelea. Cuthbert aliandika upya sehemu ya usajili: mama anapoanza kliniki, mhudumu angeandika kama mjomba amekwisha kuridhia, na wito wake usingehitaji uthibitisho wa pili. Kwenye kompyuta jambo lilikuwa limekamilika. Lakini kuridhia kwenyewe hakukuwa kazi ya kompyuta, na Yasinta hakuficha ukweli.

"Nani atawaambia wajomba? Mimi ni mke wa mtu. Wewe ni mpwa wa mtu. Huyu Cuthbert ndevu zenyewe bado zinamtafuta. Wanaume hao watatusikiliza, watasema asante, watakwenda kupulizia mikorosho yao. Jambo la mjomba husemwa na mjomba."

Somoe alimtuma mama yake na ujumbe kwa mjomba. Jibu halikurudi. Siku ya mkutano wa Chilangala ilipofika, walipanga viti mbele ya ofisi ya kijiji bila kujua nani ataketi mbele.

Mzee Nurdini alikuja kwa gari la abiria, peke yake, kanzu imekunjamana kwa safari. Aliwasalimia wote kwa pamoja, akaketi upande wa wajomba wa kijiji badala ya kwenye kiti alichowekewa, na hapo alipoketi akaanza kuzungumza. Hakutaja mfumo wala hatua. Alizungumza juu ya kazi ya mjomba: kwamba ni kuulizwa, na kwamba anayeulizwa ana wajibu wa kupatikana. Alisema shamba limekuwa mbali na uchungu haungoji. Aliwaomba watoe neno lao mapema, likae kwa mhudumu kama amana.

Mzee mmoja aitwaye Uwesu, mwenye wapwa wa kike wengi, alicheka kwa pua. "Mnatutaka tuseme ndiyo kabla hatujaulizwa. Basi mjomba kazi yake itabaki nini? Kula pilau la harusi?"

Watu wakacheka. Uwesu akaona amepata nguvu, akaongeza: "Na wewe mzee mwenzangu, mpwa wako akiamua jambo bila neno lako, utafurahi?"

"Sikufurahi," Mzee Nurdini alisema.

Kicheko kikapungua.

"Yule pale ni mpwa wangu. Nilimwambia afanye jambo, akanikatalia mbele ya wageni. Nilikwenda nyumbani nikayapanga makosa yake yote, tangu utoto. Kila nikifika mwisho, namkuta yule mtoto wa Pendo." Akaigeuza fimbo mkononi. "Nilitaka nipate heshima yangu kwanza, ndipo binti wa mtu apate gari lililo sawa. Mimi sina cha kuwafundisha. Nimekuja kuwaambia lililonikuta."

Kisha Gervas akainuka kutoka nyuma, akaenda hadi mezani kwa Yasinta, akataja majina ya mabinti wa dada zake, mmoja baada ya mwingine, wakiwemo wale ambao bado walikuwa shuleni. Yasinta hakumkatiza. Wengine wakafuata. Uwesu akavaa kandambili zake akaondoka na wenzake wachache.

Cuthbert akamsogelea Somoe. "Tuandike Chilangala imeridhia? Karibu wote wamekubali."

"Andika waliokubali. Lango bado limefungwa."

Mzee Nurdini alikuwa amesikia. Alisimama karibu nao, akimtazama Uwesu anavyotokomea katikati ya mikorosho.

"Kesho nitakwenda nyumbani kwake," alisema. "Mtu haombwi jambo zito mbele ya watu, akakubali. Wewe ulinijia nyumbani kwanza. Ni mimi niliyekungoja kwenye mkutano nikubane mbele ya watu."

"Nitakuja na wewe, mjomba."

"Hapana. Baki na kazi yako." Akashika fimbo yake, akaenda kumwuliza Yasinta nyumba ya Uwesu iko upande gani.